Kitabu cha Afya cha Kundi la Alhamisi

Mimi si mtu wa kutulia. Galen, mume wangu, husema siku nikikaa kwenye kiti dakika tano mfululizo ataniitia daktari. Basi kundi la Alhamisi liliponikabidhi somo la afya, ndipo nilipoharibikiwa kabisa. Vitabu vinne vilikaa juu ya meza yangu ya jikoni wiki tatu, navipanga, navipangua, nasoma kimoja huku nakoroga supu, natembea nacho mpaka bandani kwa kuku, narudi nacho kimejaa manyoya. Galen alikuwa anakula chakula cha jioni kwenye ukingo wa meza kama mgeni.

Kundi la Alhamisi ni sisi mama tisa tunaofundisha watoto wetu nyumbani. Huku Pennsylvania tuko wengi, na wilaya yetu ya Perry tumejaa kila kona. Mara moja kwa wiki tunakutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, watoto wachangamane, na kila mama awafundishe wote kitu kimoja. Mimi nilikuwa mama wa gundi na mikasi. Kisha aliyekuwa akifundisha afya akahamia Ohio, macho yote yakanigeukia. Sheria ya jimbo inataka somo la afya, tena tunaliapia kwa maandishi kila mwaka, kwa hiyo hakukuwa na kukwepa.

Kitabu chenyewe nilijua nakitakia nini. Nina watoto wawili, Tirzah wa miaka saba na Ansel wa minne. Tirzah alikuwa mtoto wa kuniambia kila kitu. Jino likicheza kidogo, naambiwa. Akiota ndoto, nasimuliwa mwanzo hadi mwisho nikiwa na sabuni machoni. Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu mwili haukutajwa, na nilipovunja ungo nilidhani nakufa. Nikaficha siku tatu, nikafua shuka kwa siri, nikaandika barua ya kuwaaga dada zangu. Nilijiapiza kwamba binti yangu hatajificha hata siku moja. Nilitaka kitabu kitakachomfanya aendelee kuniambia.

Nikakipata. Cha nne, chenye jalada la kijani, kurasa mia na ishirini, picha safi za rangi za maji. Kilikuwa na meno, mboga, moto wa jikoni, kunawa mikono, lakini pia kilitaja viungo vyote kwa majina yake bila kujiumauma. Nikakipeleka kwenye mkutano wa Machi nikiwa na furaha ya kijinga.

Sasa, kundi letu lina desturi. Kitabu chochote kipya kinazungushwa mezani, na stepla inazunguka nacho. Mama akikuta ukurasa asioutaka, anaubana pini na ukurasa wa pili yake, watoto wasiweze kuufungua. Ukurasa aliokataa mmoja wamekataa wote, hakuna kubishana wala kuulizana. Ndivyo tulivyokaa pamoja miaka kumi na moja bila kugombana, husema Verlene Hostetter, na Verlene ndiye kiongozi wetu.

Verlene alianza. Kwenye vitabu vya historia huwa anabana kurasa mbili tatu. Siku ile stepla ililia kama kuku anayedonoa sahani.

"Dada Verlene, tuachie japo jalada," akasema Twila. Twila ana watoto sita na mdomo usio na breki.

"Hiki kitabu kina picha, Twila."

"Na mimi nina watoto sita. Unadhani niliwaagiza kwa posta?"

Tukacheka. Verlene naye akacheka, lakini mkono haukusimama. Kitabu kikaenda kwa wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja akabana mbili tatu, maana ukipitisha bila kubana chochote unaonekana hujali. Kikanifikia mimi mwisho, kimevimba pini.

Nikafungua ukurasa wa sitini na tatu. Ulikuwa wa kupe. Mtoto wa kiume amesimama amenyoosha mikono, hana nguo hata moja, na mishale inaonyesha pa kukagua: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kinenani. Hakuna aliyekuwa ameubana. Labda walichoka, labda uliwapita. Nikahisi macho ya wenzangu juu yangu. Hiki kilikuwa kitabu changu, nimekileta mimi, na kila mmoja ameshaonyesha kwamba anajali isipokuwa mimi. Nikajiambia kupe tunawajua, nani asiyewajua kupe huku? Nikabana. Pini nne, pembe zote. Verlene akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Tukahesabu. Kurasa arobaini na moja zilikuwa zimefungwa.

"Hatuwezi kuwaacha hewani lakini," Verlene akasema. "Lazima tuwaambie neno. Junia, wafundishe hivi: kilicho chini ya chupi ni siri yako na Mungu. Basi. Fupi, safi, mtoto hasahau."

"Na mama anayezifua hizo chupi je?" akauliza Twila.

"Twila, acha mzaha."

"Sawa, naacha. Nauliza tu."

Niliporudi nyumbani sikukaa. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Galen aliponiuliza nina nini, nikamwambia hamna kitu, kundi limekubali kitabu changu.

Aprili nikalifundisha lile neno. Mtu akinipa kazi siifanyi nusu. Nikalitungia makofi na kukanyaga miguu, watoto ishirini na wanne wakalishika siku moja, wakawa wanaliimba wakivaa makoti. Tirzah ndiye aliyelipenda kuliko wote, kwa sababu mwalimu alikuwa mama yake. Wiki ileile alianza kufunga mlango wa bafu. Nikigonga, ananijibu kwa ile sauti ya darasani: "Ni siri yangu na Mungu!" Nikawasimulia kundi, na mama wenzangu wakanipigia makofi. Hata Verlene. Kifua kilinijaa.

Alhamisi ya mwisho ya Mei tukawapeleka watoto matembezi, ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko wenye kangaga ndefu na njia za kulungu. Verlene aliongoza, akitaja maua. Watoto walikaa kwenye majani kula mikate yao ya siagi ya karanga. Jioni nikafanya kama kila mama wa huku anavyofanya toka theluji iyeyuke: nikawavua watoto nguo kwenye veranda ya nyuma, nikawakagua. Ansel nikamgeuza kama chapati. Tirzah nikamwangalia kichwani, nyuma ya masikio, kwapani, mgongoni, nyuma ya magoti. Nilipofika kwenye chupi, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama! Ni siri yangu na nani?"

Nikatabasamu. Nakumbuka kabisa kwamba nilitabasamu. "Na Mungu," nikamjibu. "Haya, kajiangalie mwenyewe."

Akaenda. Akarudi. Akasema hamna kitu.

Katikati ya Juni mtoto wangu akabadilika, na mimi ndipo hata kule kukaa kidogo nilikokuwa nakaa kukaniishia. Kwanza uchovu. Msimu wa stroberi anaoungoja mwaka mzima, akakaa chini mwishoni mwa mstari na ndoo tupu, akasema tumeshachuma za kutosha. Kisha homa ya siku mbili, ikaja ikaondoka. Shingo inauma. Kichwa kinauma. Leo nalaumu bwawa la kuogelea, kesho nalaumu jua, keshokutwa namlaumu mtoto wa wifi yangu kwa mafua yake. Lakini lililonitia wasiwasi zaidi halikuwa homa. Tirzah alikuwa ameacha kusimulia. Anakuja mpaka mlango wa jikoni, anasimama, anashika kizingiti, anafungua mdomo.

"Nini, mwanangu?"

"Hamna kitu."

Na anaondoka. Mara nne, mara tano kwa siku. Nilimfuata mpaka bustanini, nikamfuata mpaka kwenye bembea.

"Kuna mtu amekufanya kitu?"

"Hapana."

"Mtu mkubwa? Mtoto? Niambie, sitakasirika."

"Hapana, mama. Hakuna mtu."

Usoni niliona anasema kweli, na bado niliona kuna kitu. Nikampigia simu Galen juani alikokuwa anaezeka paa la watu.

"Junia, mtoto kachoka na joto," akasema, nyundo zinalia nyuma yake. "Hata mimi nimechoka na joto. Hebu kaa chini unywe maji."

"Kuna jambo ananificha."

"Ana miaka saba. Anaficha pipi."

Nikapekua chini ya kitanda chake. Kulikuwa na pipi kweli. Hazikunituliza.

Asubuhi ya tarehe tano Julai, baada ya fataki za sikukuu ya uhuru jana yake, Tirzah alikuwa anakunywa maziwa, na maziwa yakawa yanamtoka upande wa kushoto wa mdomo, yanateremka shingoni, naye hana habari. Nikamwambia atabasamu. Upande mmoja ukatabasamu. Mwingine ukabaki umelala, na jicho la upande ule halikufumba. Sijui nilivyomfikisha kwenye gari. Ansel nilimtupia mama mkwe wangu barazani kama mfuko wa nguo, hata salamu sikutoa.

Kwenye zahanati alikuwepo daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya taratibu. Akamwangalia Tirzah macho, akamfinyafinya shingo, akamgongagonga magoti.

"Mama, amewahi kung'atwa na kupe?"

"Nawakagua kila siku," nikasema, tena kwa ukali, kama ameniita mchafu.

"Umeona wekundu wowote mwilini? Kama duara, unaosambaa?"

"Hapana. Ningeuona."

Daktari akachuchumaa mbele ya Tirzah. "Mrembo, naomba nikuangalie mwili mzima, na mama yupo hapahapa. Sawa?"

Tirzah akashika kaptura yake kwa nguvu zote. Akanitazama mimi, si daktari. Ule uso wake wa upande mmoja, jicho moja linapepesa, jingine limekodoa. Kulikuwa na swali ndani yake, na mimi mpumbavu sikulisoma.

"Tirzah," nikasema, "mwache daktari aangalie."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Daktari akasimama, akasema atatoka kidogo. Nikamkamata mkono abaki. Nikapiga magoti pale sakafuni.

"Mwanangu. Una kitu?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

"Wapi?"

Hakutaja. Jina lake hakulijua, maana jina lilikuwa ndani ya kurasa zilizofungwa. Akagusa tu juu ya kaptura, pale paja linapoungana na tumbo.

"Kilikuwa kijidudu," akasema. Maneno yalimtoka yamepinda, midomo haimtii. "Nikakitoa. Halafu pakawa na duara. Halafu duara likawa kubwa."

"Lini?"

"Kabla ya stroberi."

"Tirzah, kwa nini hukuniambia?"

Akanishangaa. Kweli alinishangaa, kama mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kulitimiza.

"Nilimwambia Mungu," akasema. "Kila siku nilimwambia. Hakukwambia?"

Daktari akageuka, akaanza kutafuta kitu kabatini. Mimi sikuweza kufanya hata hilo. Nimeshaaibika mara nyingi maishani, nina domo, ninajikwaa kila siku. Lakini aibu ile ya sakafuni sikuwahi kuijua. Mtoto alikuwa amesimama mlango wa jikoni mara tano kwa siku kuona kama ujumbe umenifikia.

Baada ya hapo aliangaliwa, na duara lilikuwepo, limefifia, pana kama kisosi. Daktari akasema ndiyo, ni ugonjwa wa kupe, anawaona wengi kiangazi hiki. Dawa ya kunywa wiki tatu, matone ya jicho ili lisikauke, na uso kwa kawaida hurudi, japo haahidi ni wiki ngapi. Hakunisema. Ningependa angenisema.

Tulipofika kwenye gari niliketi na ufunguo mkononi bila kuwasha. Tirzah alikuwa nyuma amekumbatia mfuko wa dawa.

"Mama, na Selah atapewa kama hii?"

Selah ni binti wa Verlene. Wana umri mmoja, ni marafiki wa kufa na kuzikana.

"Selah ana nini?"

Kwenye kioo nikamwona anajipima.

"Tirzah, lile neno nililowafundisha nilikosea. Mama amekosea. Unasikia? Niambie."

"Naye analo," akasema. "Lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Sikuliona, aliniambia tu. Tulisema tuambiane sisi kwa sisi, lakini si watu wazima."

Nikawasha gari. Kwetu ni kulia, nikakata kushoto.

Verlene alikuwa kwenye baraza lake anakata vichwa vya maharage mabichi, beseni katikati ya miguu, chupa za kuhifadhia zimepangwa ukutani. Akaniona napanda ngazi nusu kwa mbio.

"Junia, moto uko wapi?"

"Selah yuko wapi?"

"Karibu kwanza. Kaa."

"Sikai." Nikamweleza. Uso wa Tirzah, duara, dawa, kijidudu cha siku ya matembezi. Nilieleza vibaya, mwisho kabla ya mwanzo, lakini alielewa. Akasimama, akaenda mpaka kwenye gari, akamwangalia Tirzah dirishani, akarudi na machozi.

"Maskini mtoto. Tutamwombea Alhamisi, wote."

"Ahsante. Lakini Selah naye analo."

"Selah hana."

"Tirzah kasema."

"Watoto husema." Akashika tena kisu. "Junia, pole sana, mwenzangu, lakini usinigeuzie. Selah hanifichi kitu. Nyumba hii hakuna siri."

"Hata mimi nilisema hivyo. Saa mbili zilizopita."

"Ukurasa wa kupe aliubana nani?" akauliza taratibu. "Mimi sikuubana. Niliuacha makusudi. Huku kwetu kupe ni kupe."

Lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Ni mimi," nikasema. "Niliubana kwa kuwa ulikuwa unanitazama. Hilo ni langu, nalibeba. Na neno lilikuwa lako. Lakini aliyewafundisha ni mimi, kwa makofi, na wamelishika, Verlene. Wamelishika sana. Goti la Selah linamuuma?"

Kisu kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Daktari amesema ugonjwa huu hushika na magoti."

"Anakua," Verlene akasema. "Miguu inamvuta. Hata mimi nilikuwa hivyo." Sauti ilikuwa imeshuka. Akageuza kichwa akaita kuelekea bandani, na mwito wa kwanza haukutoka vizuri, akaita tena. "Selah! Hebu njoo hapa!"

Selah akatokea kwenye mlango wa banda, amebeba paka. Akavuka uwanja polepole, mguu wa kulia unachelewa kidogo kila hatua. Ni uwanja mfupi ule, na ulinichosha kuutazama. Verlene alijifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena.

"Selah, mwanangu, una kitu chochote mwilini ambacho hujamwambia mama?"

"Hapana, mama," akasema Selah, haraka, kwa adabu.

Verlene akashusha pumzi. Alinigeukia na uso uliokuwa unaanza kutabasamu, na naapa kwamba kwa sekunde moja nilitaka awe sahihi, niombe msamaha, niende nyumbani. Lakini Selah hakuondoka. Alimweka paka chini, akaminya pindo la gauni lake mkononi, na macho yake yakampita mama yake yakaja kwangu, kama darasani anaponyoosha kidole.

"Bi Junia," akasema, "naruhusiwa kumwambia?"